Brunello wa Montalcino: mvinyo wa Italia unaotunzwa kama amana

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Disemba 2012, mtu mmoja aliingia kwa siri katika ghala la mvinyo la shamba la Case Basse, karibu na mji mdogo wa Montalcino katika mkoa wa Toscana, Italia. Hakuja kuiba. Alifungua mabomba ya mapipa 10 makubwa ya mwaloni, kisha akatoweka. Kulipopambazuka, zaidi ya lita 60,000 za mvinyo mwekundu zilikuwa zimemwagika na kuishia kwenye mtaro. Ulikuwa mvinyo wa mavuno ya miaka 6 mfululizo, kuanzia 2007 hadi 2012.

Polisi walimkamata mtu aliyewahi kufanya kazi katika shamba hilo, na mahakama ikamtia hatiani. Hukumu hiyo hata hivyo haikuweza kurudisha kilichopotea. Mwenye shamba, Gianfranco Soldera, alikuwa na umri wa miaka 75. Nyumba ikiungua huweza kujengwa upya, na shamba likifyekwa huweza kupandwa tena, lakini mvinyo wa mwaka 2007 hauwezi kutengenezwa mara ya pili, kwa sababu jua na mvua za mwaka ule hazirudi.

Kisa hicho kinaonyesha kwa nini wakaazi wa Montalcino huuzungumzia mvinyo wao, Brunello, kama watu wanaozungumzia amana. Thamani yake haitokani na zabibu peke yake. Inatokana na miaka ambayo zabibu hizo zimesubiriwa: kwanza na mkulima, kisha na mtunza ghala, na hatimaye na mnunuzi anayeiweka chupa gizani kwa miaka 10 au 20 kabla ya kuifungua. Kila mmoja katika mlolongo huo anaweza kuiharibu kazi ya waliomtangulia.

Kilima na mlima

Montalcino umejengwa juu ya kilima chenye urefu wa mita 564, takriban kilomita 40 kusini mwa mji wa Siena. Upande wa kusini mashariki unasimama mlima Amiata, volkano iliyozimika siku nyingi, wenye urefu wa mita 1,738. Mlima huo huikinga miteremko ya Montalcino dhidi ya dhoruba na mvua ya mawe, na ndiyo sababu eneo hili ni kavu na lenye joto zaidi kuliko sehemu nyingine nyingi za Toscana zinazolima zabibu.

Mizabibu imepandwa kwenye pande zote za kilima. Mashamba yanayoelekea kaskazini hupata baridi zaidi na zabibu zake hukomaa polepole. Yale ya kusini hupokea jua kali na huvunwa mapema. Udongo nao hutofautiana: juu ya kilima kuna mawe mengi na chokaa, na chini kuna mfinyanzi mzito. Kwa hiyo chupa 2 za mwaka mmoja, zenye jina lile lile la Brunello, zinaweza kutofautiana sana, moja ikiwa laini na yenye harufu ya maua, nyingine ikiwa nzito na yenye nguvu.

Mchezo wa jina

Jina Brunello linatokana na neno la Kiitalia lenye maana ya rangi ya kahawia iliyokolea. Kwa muda mrefu wakulima waliamini kwamba brunello ni aina ya pekee ya zabibu. Mwaka 1879 tume ya wataalamu wa mizabibu ya jimbo la Siena iliamua kwamba zabibu hiyo ni ile ile Sangiovese, inayolimwa kote Italia ya kati. Tangu hapo Brunello ikawa jina la mvinyo, si la mmea.

Mvinyo wenyewe unahusishwa kwa karibu na familia moja. Katikati ya karne ya 19, mfamasia Clemente Santi alitengeneza mvinyo mwekundu katika shamba lake la Il Greppo. Mjukuu wake, Ferruccio Biondi Santi, ambaye katika ujana wake alipigana chini ya Giuseppe Garibaldi, aliteua mizabibu bora ya Sangiovese shambani humo na kuizidisha. Badala ya kuchanganya aina mbalimbali za zabibu na kuuza mvinyo wa kunywewa upesi, kama ilivyokuwa desturi ya Toscana wakati huo, alitumia Sangiovese pekee na kuuacha mvinyo ukae kwenye mapipa kwa miaka kadhaa. Mavuno ya mwaka 1888 ndiyo mashuhuri kabisa miongoni mwa kazi zake.

Mwanawe, Tancredi Biondi Santi, aliyesomea elimu ya mvinyo, aliendeleza kazi hiyo katika karne ya 20. Inasimuliwa kwamba vita vilipoikaribia Montalcino mwaka 1944, Tancredi alizificha chupa za zamani nyuma ya ukuta uliojengwa ndani ya ghala, ili askari waliokuwa wakipita wasizinywe. Vita vikapita, ukuta ukabomolewa, na chupa zikarudi mahali pake.

Kwa muda mrefu mvinyo huo haukuutajirisha mji. Baada ya vita, Montalcino ulikuwa miongoni mwa maeneo maskini ya jimbo la Siena, na vijana wengi waliyaacha mashamba ili kutafuta kazi mijini. Mabadiliko yalikuja hatua kwa hatua. Mwaka 1966 serikali iliutambua Brunello kisheria kuwa mvinyo wenye asili inayolindwa, na mwaka uliofuata wazalishaji waliunda ushirika wao. Mwaka 1969, Rais wa Italia Giuseppe Saragat alimwandalia Malkia Elizabeth wa Pili karamu katika ubalozi wa Italia mjini London, na mvinyo uliopakuliwa mezani ulikuwa Biondi-Santi wa mwaka 1955. Mwishoni mwa miaka ya 1970, ndugu wawili Wamarekani wenye asili ya Italia, John na Harry Mariani, walianzisha shamba kubwa la Banfi na kuufungulia Brunello njia pana ya soko la Marekani. Leo wazalishaji wamepita 200, na mashamba ya Brunello yamezidi hekta 2,000.

Sheria inayohesabu miaka

Mwaka 1980 Brunello uliwekwa katika daraja la juu kabisa la mvinyo wa Italia, linaloitwa kwa kifupi DOCG, maana yake asili ya mvinyo inadhibitiwa na kudhaminiwa. Kanuni zake ni chache, lakini ni kali. Zabibu lazima ziwe Sangiovese kwa asilimia 100. Zote zilimwe ndani ya mipaka ya wilaya ya Montalcino, na mavuno yasizidi tani 8 kwa hekta. Mvinyo ukomazwe na utiwe kwenye chupa humo humo.

Kanuni inayotofautisha zaidi ni ile ya muda. Mvinyo lazima ukae angalau miaka 2 katika mapipa ya mwaloni na miezi 4 ndani ya chupa, na hauruhusiwi kuuzwa kabla ya tarehe 1 Januari ya mwaka wa 5 baada ya mavuno. Ule unaoitwa Riserva, ambao kwa kawaida hutoka katika zabibu teule za miaka mizuri, husubiri mwaka mmoja zaidi. Kwa mfano, zabibu zilizovunwa mwaka 2016 zilifika madukani kama Brunello kuanzia Januari 2021, na kama Riserva kuanzia Januari 2022.

Kwa mkulima mdogo, kanuni hiyo ni mzigo mkubwa. Analipa vibarua, anatengeneza mapipa na kugharimia ghala kwa zaidi ya miaka 4 kabla ya kuona faida ya mavuno yake. Ndiyo maana upo pia mvinyo uitwao Rosso di Montalcino, unaotokana na zabibu zile zile lakini unaoruhusiwa kuuzwa kuanzia Septemba ya mwaka unaofuata mavuno. Rosso humpatia mkulima fedha za kuendesha shughuli, na kumpatia mnunuzi mwenye kipato cha kawaida nafasi ya kuijua ladha ya kilima hicho kwa bei nafuu.

Kwa miaka mingi ushirika ulitathmini mavuno ya kila mwaka na kuyapa nyota, kuanzia 1 hadi 5. Miongoni mwa miaka iliyopewa nyota 5 ni 1955, 1970, 1990, 1997, 2004, 2010, 2015 na 2016. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, kila mavuno hukumbukwa kwa kigae kilichochorwa na msanii au mtu mashuhuri, na vigae hivyo hutundikwa ukutani mjini Montalcino.

Mwaka wa misukosuko

Mwaka 2008 Brunello ulipatwa na mtihani mkubwa kuliko wowote tangu utambuliwe kisheria. Waendesha mashtaka wa Siena walianza kuchunguza tuhuma kwamba baadhi ya wazalishaji walikuwa wamechanganya Sangiovese na zabibu za aina nyingine, ili mvinyo uwe mweusi zaidi na ulainike mapema, kama walivyopenda wanunuzi wa nje. Chupa nyingi na mapipa mengi yalizuiwa. Marekani, soko kubwa la nje la mvinyo huo, ilitishia kuzuia uingizaji wa Brunello usiokuwa na uthibitisho kwamba ni Sangiovese tupu. Baadhi ya mvinyo uliozuiwa hatimaye ulishushwa daraja na kuuzwa kwa jina la kawaida la mkoa wa Toscana.

Swali likawa la wazi: je, kanuni ilegezwe? Waliotaka mabadiliko walisema soko limebadilika na kwamba Sangiovese pekee ni zabibu ngumu, hasa katika miaka ya mvua nyingi. Waliopinga walisema kwamba mnunuzi anayeweka chupa kwa miaka 20 hana namna ya kuona kilichomo. Anachonunua ni neno la mtengenezaji. Oktoba 2008 wanachama wa ushirika walipiga kura, na wengi mno walichagua kubaki na Sangiovese kwa asilimia 100. Kanuni hiyo haijabadilika hadi leo.

Kwa mnunuzi, alama ya kwanza ya kutazama ni ukanda wa karatasi unaobandikwa kwenye shingo ya chupa. Ukanda huo una nambari yake na huchapishwa na kiwanda cha serikali ya Italia kinachochapa pia hati rasmi za nchi. Chupa isiyo na ukanda haifai kuitwa Brunello, hata kama jina limeandikwa kwa herufi kubwa.

Kwa nini unadumu

Mvinyo mwingi duniani hutengenezwa ili unywewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Ukiwekwa zaidi hauwi bora, bali hufifia. Brunello ni tofauti kwa sababu mbili. Ya kwanza ni uchachu wa asili wa Sangiovese, ambao huufanya mvinyo ubaki hai mdomoni hata ukiwa mkongwe. Ya pili ni tanini, ambayo hutoka kwenye maganda na kokwa za zabibu wakati juisi inapochachuka pamoja nayo kwa wiki kadhaa.

Tanini ndiyo inayoleta ukakasi. Anayetaka kuijua bila kuonja mvinyo anaweza kunywa chai ya rangi iliyoachwa na majani yake kwa muda mrefu: ulimi hukauka na mashavu huonekana kuvutwa ndani. Brunello mchanga huwa na ukakasi wa namna hiyo. Kadiri miaka inavyopita, chembe za tanini huungana zenyewe kwa zenyewe na pia na chembe za rangi, kisha huwa nzito na kutua chini ya chupa kama mashapo. Ukakasi hupungua, rangi hupauka, na harufu mpya hujitokeza ambazo hazikuwapo mwanzoni.

Mapipa nayo yana sehemu yake. Wazalishaji wanaofuata njia ya zamani hutumia mapipa makubwa ya mwaloni wa Slavonia, nchini Kroatia, yenye maelfu ya lita, ambayo huupa mvinyo hewa kidogo kidogo bila kuutia harufu kali ya mbao. Wengine hutumia mapipa madogo ya Ufaransa ya lita 225, ambayo hulainisha mvinyo haraka na kuuachia harufu ya vanila na kuni zilizochomwa. Mjadala kati ya pande hizo mbili umekuwapo kwa miongo kadhaa, na wengi sasa hutumia aina zote mbili.

Kuihifadhi chupa

Mvinyo unapofika nyumbani, jukumu lote humhamia mnunuzi. Maadui wa chupa iliyohifadhiwa ni 5: joto, mabadiliko ya joto, mwanga, ukavu wa hewa na mtikisiko.

Joto linalofaa ni kati ya nyuzi 12 na 14 za Selsiasi. Chumba chenye nyuzi 16 au 17 zisizobadilika si kibaya sana. Mvinyo utakomaa upesi zaidi tu. Kibaya zaidi ni chumba kinachopanda hadi nyuzi 28 mchana wa kiangazi na kushuka usiku. Joto linapopanda, mvinyo hutanuka na kukisukuma kizibo. Linaposhuka, hunywea na kuvuta hewa ndani. Mchezo huo ukirudiwa kwa miaka michache, mvinyo huzeeka kabla ya wakati wake.

Mwanga wa jua na wa taa kali huharibu harufu, hata kama kioo cha chupa ni cha rangi nzito. Unyevu wa hewa uwe kati ya asilimia 60 na 75. Hewa ikiwa kavu mno, kizibo, ambacho hutengenezwa kwa gome la aina maalumu ya mwaloni, hukauka na kupitisha hewa; ikiwa na unyevu mwingi mno, karatasi ya chupa huota ukungu, ingawa mvinyo wenyewe kwa kawaida haudhuriki. Kwa sababu hiyo hiyo ya kizibo, chupa hulazwa ubavu, ili mvinyo ukilowanishe wakati wote.

Wengi wanaoishi katika nyumba za ghorofa hawana chumba cha chini ya ardhi. Kwao, sehemu ya chini ya kabati lililo kwenye ukuta wa ndani, mbali na mabomba ya joto, ni afadhali kuliko jikoni. Juu ya friji ni mahali pabaya kuliko pote, kwa kuwa pana joto na mtikisiko kwa pamoja. Anayekusudia kuweka chupa za bei kubwa kwa zaidi ya miaka 5 angefanya vyema kununua friji maalumu ya mvinyo, au kukodi nafasi katika ghala linalotoa huduma hiyo.

Desturi nzuri miongoni mwa wahifadhi ni kununua chupa kadhaa za aina moja badala ya moja moja za aina nyingi. Mwenye chupa 6 za mavuno ya 2016 anaweza kufungua ya kwanza baada ya miaka 8, akaandika kwenye daftari alichokiona, kisha akaamua ya pili isubiri muda gani. Mwenye chupa moja hubahatisha.

Kwa makadirio ya jumla, Brunello wa mwaka wa kawaida hunyweka vizuri kati ya mwaka wa 8 na wa 15 baada ya mavuno. Ule wa mwaka bora unaweza kwenda miaka 25 au zaidi, na Riserva za mashamba machache hudumu hata nusu karne. Lakini subira nayo ina mpaka wake. Tunda lililoiva lisipochumwa huoza mtini, na chupa nyingi nzuri zimepotea kwa sababu mwenyewe alisubiri sherehe ambayo haikufika.

Siku ya kufungua

Chupa ya zamani husimamishwa wima siku moja au mbili kabla ya kufunguliwa, ili mashapo yashuke chini. Kizibo cha chupa yenye zaidi ya miaka 20 huwa laini na hukatika kwa urahisi. Kizibuo kiingizwe polepole na kivutwe bila papara.

Brunello mchanga hufaidika kwa kumiminwa kwenye jagi la kioo saa 2 au 3 kabla ya kunywewa, kwa kuwa hewa hulegeza ukakasi wake. Mvinyo mkongwe hutendewa kinyume. Humiminwa muda mfupi tu kabla ya mlo, kwa mkono mtulivu, huku taa au mshumaa ukimulika shingo ya chupa, na mmiminaji huacha mara aonapo mashapo yakikaribia. Harufu ya mvinyo wa miaka 40 inaweza kutoweka ndani ya saa moja ya kukutana na hewa.

Joto la kuuandaa mezani ni nyuzi 16 hadi 18. Mazoea ya kusema kwamba mvinyo mwekundu unywewe katika joto la chumba yalianza wakati vyumba vya Ulaya vilikuwa baridi. Katika chumba chenye nyuzi 24, ulevi hutangulia puani na kuzifunika harufu nyingine zote. Dakika 20 ndani ya friji zinatosha kurekebisha. Glasi iwe kubwa, nyembamba mdomoni, na ijazwe hadi theluthi moja tu.

Jicho, pua na ulimi

Mwonjaji huanza kwa kuinamisha glasi juu ya kitambaa cheupe. Sangiovese si zabibu yenye rangi nzito. Brunello mchanga huwa na wekundu wa yakuti unaopenya mwanga. Baada ya miaka 10 huelekea rangi ya komamanga, na ukingoni mwa glasi huonekana rangi ya tofali la kuchoma. Brunello mweusi kama wino ni jambo la kutilia shaka, na hilo ndilo lililowashtua baadhi ya waonjaji hata kabla ya uchunguzi wa 2008.

Kisha inafuata pua. Glasi hunuswa kwanza ikiwa imetulia, halafu baada ya kuzungushwa. Ukiwa mchanga, mvinyo hutoa harufu ya cheri chachu, maua na mimea mikavu ya porini. Ukikomaa huleta ganda la chungwa lililokaushwa, tini kavu, ngozi, tumbaku, na majani yaliyolowa msituni baada ya mvua. Hakuna haja ya kuzitaja zote. Kinachotafutwa ni kama harufu ni safi, kama ni nyingi, na kama inabadilika kadiri glasi inavyokaa.

Mwisho ni ulimi. Funda dogo hushikiliwa mdomoni kwa sekunde chache na kupitishwa pande zote. Uchachu hutambulika kwa mate yanayojaa kandokando ya ulimi. Tanini kwa ukavu kwenye fizi. Ulevi kwa joto kooni. Katika mvinyo mzuri hakuna kati ya hivyo kinachowapita wenzake. Baada ya kumeza, au kutema kama wafanyavyo wataalamu, huhesabiwa muda ambao ladha inabaki. Katika Brunello bora hubaki kwa nusu dakika au zaidi.

Zipo pia dalili za mvinyo ulioharibika. Harufu ya kadibodi iliyolowa au ya chumba chenye ukungu inatokana na kizibo kilichoathiriwa, na kwa kawaida muuzaji mwaminifu hubadilisha chupa ya namna hiyo. Harufu ya siki inaonyesha bakteria wamefanya kazi yao. Rangi ya kahawia kwenye mvinyo ambao bado mchanga, pamoja na harufu ya tufaha lililokatwa na kuachwa, ni dalili ya hewa iliyopenya. Ladha ya jemu iliyopikwa ni dalili ya joto, mara nyingi njiani au ghalani.

Huko Montalcino, Brunello ni wa mezani pamoja na chakula: nyama ya ng'ombe ya kuchoma, mchuzi wa nguruwe mwitu, tambi nene ziitwazo pici, au jibini la maziwa ya kondoo. Ni kinywaji chenye ulevi ambao mara nyingi hufikia asilimia 14 au zaidi, na wenyeji hunywa kidogo kidogo. Madaktari wanawaasa wajawazito kutokunywa kabisa, na dereva hana nafasi katika meza hiyo.

Chupa zinazojazwa tena

Ipo desturi moja ya Montalcino ambayo labda inaeleza zaidi kuliko kanuni zote. Kila chupa iliyolazwa kwa miongo mingi hupungukiwa na mvinyo kidogo kidogo kupitia kizibo, na nafasi inayobaki hujaa hewa. Mwaka 1927 Tancredi Biondi Santi alizifungua chupa za Riserva za 1888 na 1891, akaziongezea mvinyo wa mwaka ule ule kutoka chupa nyingine, kisha akaziziba kwa vizibo vipya. Waitalia huiita kazi hiyo ricolmatura, yaani kujaza tena.

Mwanawe Franco aliiendeleza kwa ajili ya wateja pia. Mwenye chupa kongwe ya shamba hilo aliweza kuirudisha Il Greppo, ambako ilifunguliwa mbele ya mashahidi na kuonjwa. Kama mvinyo ulikuwa mzima, chupa iliongezewa ya mwaka wake, ikazibwa na kupewa cheti. Kama ulikuwa umeharibika, mwenyewe aliambiwa hivyo, na haikujazwa.

Franco Biondi Santi alifariki dunia mwaka 2013 akiwa na umri wa miaka 91, miezi michache tu baada ya mapipa ya Case Basse kufunguliwa usiku. Muda si mrefu baadaye, sehemu kubwa ya umiliki wa kampuni ya familia yake ilihamia kwa wawekezaji wa Ufaransa. Soldera naye alifariki mwaka 2019, akiwa ameendelea kuvuna kila mwaka hadi mwisho. Kwa sababu ya hasara ya 2012, mavuno yake ya miaka ile 6 yamebaki machache mno, na kila chupa inayofunguliwa popote duniani hupunguza akiba isiyoweza kuongezwa.

Anayenunua Brunello leo na kuulaza gizani anaingia katika mlolongo huo huo. Hakuchagua mwaka uwe na jua au mvua, wala hakukata tawi hata moja la mzabibu. Sehemu yake ni ndogo: mahali penye ubaridi, giza, utulivu, na kumbukumbu ya tarehe. Akiitimiza, atakachokionja ni kazi ya watu ambao wengine wao huenda hawapo tena.